Kifaranga Kwenye Kona ya Skrini

Kazi yangu ni mabango. Si yale ya kubandika ukutani kwa gundi, hayo tulishayazika. Ni mabango ya kwenye skrini. Kiwanda chetu ni cha maziwa, na skrini ziko kila mahali: getini, kantini, ukumbi wa kufungasha, korido za ofisini, na nyingine imewekwa ndani kabisa ya chumba baridi, kwenye kasha la kioo ili isishike ukungu. Ukiona "Nawa mikono kabla ya kuingia" inapita na picha ya mikono yenye povu, ni mimi. Bei mpya za mawakala, ni mimi. Hongera za wafanyakazi bora, ni mimi. Na siku neno likikosewa, hapo ndipo wote wanakumbuka jina langu, hadi walinzi, maana watu wa pale hawasomi kitu mpaka kiwe na kosa.

Kona ya chini ya kila bango langu kuna kifaranga cha njano, kidogo tu, mguu mmoja juu. Wengi wanadhani ni nembo. Dereva wa foklifti aliwahi kuniuliza, "Dada Mabango, hivi sisi tunauza maziwa au mayai?" Nikamwambia anywe maziwa yake anyamaze.

Kifaranga kile ni cha mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Kitinda, kwa sababu ndiye kitinda mimba wetu, na yeye hajawahi kusikia mtu akimwita hivyo. Alizaliwa hasikii. Alipoanza kutembea alinifuata kila niendako, chooni, kisimani, kwa marafiki zangu ambao sikutaka anifuate, mpaka nikamtungia ishara yake: vidole viwili vinavyodonoa kiganja. Kifaranga. Jina hilo ndilo analolijua, na akiliona anacheka hadi leo, mtu mzima na akili zake.

Lugha yetu ya mikono tuliitunga wenyewe, sebuleni, kabla hajapelekwa shule ya wenzake. Tumegombana kwa lugha hiyo kuliko tulivyowahi kupatana. Na Kitinda ana silaha moja ambayo haina dawa: ukimuudhi sana, anafumba macho. Basi. Umekwisha. Mimi nikikasirika napiga kelele hadi majirani wanatoka nje, yeye anafumba macho tu, na hapo hata uwe na hoja za hakimu utaongea na ukuta. Utotoni nilimvuta kope kwa vidole. Mama alinipiga kibao akasema, "Mwache. Mngoje afumbue mwenyewe, halafu umwambie la kweli."

Alipoomba kazi pale kiwandani, chumba baridi kilikuwa kinatafuta mtu wa kupanga makreti. Anaivumilia baridi, ana mikono ya nguvu, na hapigi soga. Lakini afisa usalama akakataa katakata. Tunamwita Bwana Helmeti, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila helmeti yake ya njano, na wapo wanaoapa kwamba hulala nayo.

"Mtu asiyesikia king'ora, peke yake, ndani ya chumba baridi?" akasema. "Ile gesi ya kupozea ikivuja nani atamwambia? Mimi sitaki maiti."

"Skrini itamwambia," nikasema.

Na nilikuwa na hakika. Mabango yetu yana ngazi: ya kawaida, muhimu, na ya dharura. La juu linalifunika la chini. Gesi ikivuja, kitambuzi cha chumba cha mitambo kinatuma ishara, king'ora kinalia, na bango jekundu linatokea lenyewe kwenye skrini zote bila mimi kugusa kitu: TOKA NJE SASA, na mshale wa kuelekea mlangoni. Bwana Helmeti alikuwa ameomba taa ya tahadhari, ile ya kuzunguka, iwekwe kule ndani, akajibiwa taa ya nini na skrini ipo. Basi tukafanya jaribio. Bango jekundu lilipotokea, Kitinda alitoka nje kabla ya hao wenye masikio yao, akasimama uwanjani amekunja mikono, akiwatazama wakitoka mmojammoja. Bwana Helmeti alicheka mpaka helmeti ikamtikisika. Akasaini.

Usiku ule Mama aliniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia, "Mama, wallahi, mdomo wangu uko kule ndani pamoja naye." Ndiyo maana nikaweka kifaranga. Akiinua macho kutoka kwenye makreti akakiona, anajua dada yuko kazini, mambo shwari.

Sasa kulikuwa na mkurugenzi wa masoko. Jina lake la kazini sisi wadogo tulimpa Mama Rangi, maana anaweza kukukalisha asubuhi nzima mkibishana kama bluu hii ni ya bahari au ya anga. Si mtu mbaya. Ana haraka tu, na anaogopa aibu kama paka anavyoogopa maji. Ugeni wa mara ya mwisho, wanunuzi wakubwa walikuwa wamesimama ukumbini wanaonja jibini, mara Bwana Helmeti akafanya jaribio lake la mwezi. Skrini zote nyekundu. TOKA NJE SASA. Wageni walitimua mbio na vijiti vya jibini mkononi, mmoja akaangukia ndoo ya mtindi. Tulicheka sisi, yeye hakucheka. Wanunuzi wale hawakurudi.

Siku ninayoisema, wageni wengine walikuwa wanakuja. Mama Rangi aliingia ofisini kwangu asubuhi na bango lake limeshatengenezwa na watu wa nje, eti mimi rangi zangu "zina ukijijini". Lilikuwa na mwanamke anayetabasamu, glasi ya maziwa mkononi, nembo ya wageni juu, na maneno: KARIBUNI. HAPA MKO NYUMBANI.

"Nataka hili tu," akasema. "Skrini zote, mpaka waondoke. Hata malaika akishuka asilifute."

"La dharura lazima lipite, Madamu."

"Dharura gani? Hapa hakuna dharura, kuna majaribio ya Helmeti. Nimeshamwambia leo asijaribu kitu na simwamini. Heri lawama kuliko fedheha. Hakuna namna ya kulifunga hili lisifunikwe?"

Hapo ndipo. Ningesema hakuna. Yeye hajui mfumo ule hata unawashwa wapi, angekunja uso, angeondoka, ningeendelea na chai yangu. Lakini mimi nina ugonjwa wa kupenda kuonekana najua. Mtu akiniuliza kama jambo linawezekana, ulimi unatangulia kabla akili haijavaa viatu.

"Namna ipo," nikasema.

Nikamwonyesha. Unalipandisha bango ngazi ya dharura, kisha unabonyeza alama ya kufuli. Kufuli ikishafungwa, hakuna linalopita juu yake, hata lile jekundu. Akaniondoa kwenye kiti kwa nyonga, akaweka neno lake la siri mwenyewe, "ili mtu asije akanichezea," akabonyeza. Kufuli ikajifunga pale kwenye kioo.

Kisha akakisogelea kioo. "Na hiki kikuku ni cha nini?"

Nilikuwa nimekibandika kifaranga changu kwenye bango lake, mkono umezoea. "Ni... ni alama yetu."

"Kuku kwenye maziwa? Toa."

Akafungua, nikatoa, akafunga tena. Akaondoka na harufu yake ya manukato, visigino kokoko kwenye korido.

Nikabaki natazama mwanamke yule anayetabasamu. Nikajiambia, mwanamke, acha woga, ni muda mfupi, wageni watazunguka, watakula, watakwenda zao. Mwaka mzima gesi haijavuja, ivuje leo kwa sababu yako? Wewe nani? Nikanywa chai, ikawa haina ladha.

Nikamtumia Kitinda ujumbe kwenye simu: "Leo skrini haisemi kitu. Ukisikia harufu yoyote toka." Halafu nikajipiga paji la uso. Simu zao huachwa kwenye makabati ya nguo, hairuhusiwi kuingia nazo. Ujumbe ule ulikuwa unang'aa gizani mfukoni mwa koti lake la nyumbani.

Nikaamua kushuka nimwambie mwenyewe. Nilifika katikati ya ngazi, simu ikaita. Mama Rangi. Nembo ya wageni kwenye skrini ya getini ilionekana imetanuka, wanafika sasa hivi, nirudi nirekebishe. "Neno la siri, Madamu?" Akaja mwenyewe akikimbia, akafungua, nikarekebisha, akafunga. Nilifungua mdomo nimwambie kuhusu Kitinda. Akanyanyua kidole kimoja, maana simu yake ilikuwa sikioni, akaondoka akicheka na mtu.

Nikashuka tena. Safari hii nilikutana na msafara wenyewe kwenye korido ya chini: wageni na makoti meupe waliyoazimwa, kofia za nailoni vichwani, Mama Rangi mbele yao akitembea kinyumenyume huku anaeleza. Bwana Helmeti alikuwa nyuma, amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa filimbi. Huwezi kuukata msafara. Tulijipanga ukutani sisi wadogo, tukapiga makofi. Mgeni mmoja akanishika mkono akauliza mimi hufanya nini. "Ninatengeneza mabango," nikasema. "Safi sana," akasema, akiitazama skrini. "Yanakaribisha kweli."

Ningeweza kupita ubavuni mwao nikimbie. Nilitaka. Lakini Mama Rangi alinipa lile jicho, akaonyesha juu kwa kidevu, yaani rudi ofisini usije ukahitajika. Nami nikarudi. Nilirudi, jamani, nikakaa kwenye kiti changu kama mtu aliyefungwa kamba, nikiihesabia saa ya ukutani pumzi.

King'ora kikalia.

Mwanzo sikuinuka. Nilisema, Helmeti huyo, amemkomoa Mama Rangi. Halafu nikakumbuka nimemwona kwa macho yangu akiwa nyuma ya wageni, mikono mfukoni. Nikageukia skrini ya kwenye korido. Mwanamke anatabasamu. KARIBUNI. HAPA MKO NYUMBANI.

Nikakivamia kipanya. Nikabonyeza kufuli. "Weka neno la siri." Nikaweka langu. "Si sahihi." Nikajaribu jina la mtoto wake wa kwanza, nikajaribu jina la kiwanda, nikajaribu rangi, bluu, samawati, zambarau, kila rangi tuliyowahi kubishania. Si sahihi. Si sahihi. Kisha mfumo ukanifungia nje kabisa. Nikampigia simu. Iliita mpaka ikachoka. Ameiweka kimya kwa ajili ya wageni. Ofisini watu walikuwa wanashuka wanaongea, wengine wamebeba vikombe, wakidhani ni jaribio.

Nikakimbia. Ngazi za mbele zote nilizipita sijui vipi, kiatu kimoja nilikiacha njiani. Nilipofika chini nikaisikia harufu. Ile gesi haifichiki: ni kama mkojo uliokaa chupani, kali, inapanda puani hadi nyuma ya macho. Watu wa kufungasha walikuwa wanatoka wameziba nyuso kwa aproni, na mimi naenda kinyume chao, napigwa mabega. Wageni nao walishatolewa, kofia zimepinda.

Kwenye ukumbi Bwana Helmeti alinidaka kwa kiuno.

"Huingii!"

"Mdogo wangu yumo!"

"Ameshatoka huyo. Bango si limemtoa? Yeye ndiye huwa wa kwanza."

"Niachie!"

"Nimekwambia bango jekundu lime..." Akainua macho. Skrini ya ukumbini ilikuwa juu ya kichwa chake. Mwanamke na glasi yake ya maziwa. Akaitazama, akanitazama mimi. Uso wa mzee yule ulibadilika, na sikuweza kuuangalia. Aligeuka akapaza sauti, "Barafu! Chumba baridi kina mtu!"

Fundi Barafu ni fundi wa mitambo ya kupozea. Alikuwa ameshafunga vali kuu na anatoka, barakoa yake ya gesi imening'inia shingoni. Hakuuliza nani. Aliivaa palepale akitembea, mkanda wa nyuma haukukaa vizuri, nikauona, nikataka kusema, akawa ameshapita kwenye mapazia ya plastiki.

Bwana Helmeti alinikokota hadi uwanjani, mahali pa kukusanyikia. Nilimng'ata mkono. Ninasema nilivyofanya. Nilimng'ata, na hakuniachia.

Uwanjani majina yaliitwa. La Kitinda liliitwa, kimya. Wakaliita tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo ni sauti, na mtu mmoja akaangua kicheko cha woga halafu akajuta. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, mkono mmoja mdomoni, namwona kule ndani nyuma ya makreti, macho yanawasha, haelewi, anainua kichwa kuniuliza mimi. Kuniuliza mimi! Anatazama pale ambapo huwa nipo. Na pale anaona nini? Anaambiwa yuko nyumbani. Nilisema, Ee Mungu, chukua kazi, chukua macho yangu, chukua unachotaka. Nilimfikiria Mama jikoni, na nitaanzaje kumwambia.

Fundi Barafu akatoka. Alitoka akijipapasa ukutani, barakoa imekaa upande, macho ameyafumba na machozi yanachuruzika. Alipiga magoti kwenye saruji akakohoa kikohozi cha kupasua kifua. Walipommwagia maji usoni alikuwa anasema neno hilohilo.

"Hayumo. Nimetafuta hadi nyuma ya makreti. Nimerudia mara mbili. Hayumo."

"Atakuwa wapi?" Bwana Helmeti akauliza.

"Hayumo, Mzee. Hayumo."

Nami sikuelewa kama hiyo ni habari njema au mbaya. Nilisimama na kiatu changu kimoja nikageuka huku na huku, getini, kwenye malori, kwenye paa, popote, macho tu yanatafuta. Ndipo nikaona kitu kinapunga kwenye dirisha la juu. Dirisha la ofisini kwangu.

Alikuwa pale. Kitinda. Na koti lake nene la chumba baridi, kofia kichwani, amesimama kando ya meza yangu nyuma ya kioo, anatushangaa kundi zima tulivyo uwanjani. Aliponiona nimemwona alichangamka, akaniambia kwa mikono, taratibu, kama anavyoongea na mtu wa mbali:

"Uko wapi? Nakutafuta."

Watu wote walikuwa wananitazama mimi, hawajui nimeona nini, mimi nalia nacheka, mikono inapiga hewani: "Shuka! Shuka! Ngazi za nyuma, shuka!"

Akashuka. Alikuja anatembea tu, hana haraka, na watu wakampisha. Nilimkumbatia mpaka akanisukuma apate pumzi. Alikuwa baridi bado, koti lake lina chembe za barafu. Akanishika paji la uso kwa kiganja kuona kama nina homa.

"Kifaranga hakipo," akasema kwa mikono. "Tangu asubuhi. Nikadhani unaumwa. Nikadhani wamekufukuza. Nikaacha makreti nikapanda kukuangalia. Kikombe chako kipo, wewe hupo. Usimwambie Helmeti nimetoka bila ruhusa."

Bwana Helmeti alikuwa hatua chache kutoka pale, anaufunga mkono wake niliomng'ata kwa leso.

Basi ilikuwa hivyo. Alipanda kwa ngazi za nyuma kabla king'ora hakijalia, nami nikashuka kwa za mbele. Wakati mimi nang'ang'ana na Bwana Helmeti kule ukumbini, yeye alikuwa kwenye kiti changu ananingoja. Nilitaka kumweleza hayo, nilikuwa nimeanza, lakini yeye alikuwa ameshamwona Fundi Barafu.

Alikuwa amelazwa chali, kichwa kwenye mapaja ya dereva wa foklifti, bado wanammwagia maji machoni. Dereva huyo hakuwa na utani hata chembe siku ile. Gari la wagonjwa lilikuwa linaingia getini.

"Amefanya nini?" Kitinda akauliza.

"Gesi imevuja. Aliingia chumba baridi."

"Kufanya nini?"

"Kukutafuta wewe."

Alikunja uso. Hakufurahi, hakuogopa, alionekana kama mtu aliyepewa hesabu isiyokubali. "Kwa nini anitafute?" akasema. "Nyekundu ingenitoa. Yeye anajua. Wote wanajua."

Kwa pembeni Mama Rangi alikuwa anakuja kwangu, visigino vimemzidi kwenye kokoto, kofia ya nailoni bado kichwani. Alikuwa amelia, wanja umeshuka. Akanishika kiwiko akanigeuza, mgongo kwa Kitinda, akanong'ona haraka haraka.

"Sikiliza. Mtandao ulisumbua. Umeelewa? Mtandao. Mimi na wewe tu tunajua ile kufuli. Ukisema vingine tunakwenda wote, mimi na wewe, na mdogo wako hawatamwacha mle ndani hata siku moja. Fikiria hilo. Mtandao ulikatika, hakuna aliyekosa."

Nami, nakuambia kweli, nililifikiria. Lilikuwa limekaa vizuri. Mtandao hukatika. Nani ataubishia mtandao? Kitinda angebaki na kazi aliyoipigania, mimi ningebaki na meza yangu, na kesho ningerudisha kifaranga kwenye kona yake. Hata Fundi Barafu, macho yake yasingepona haraka zaidi kwa sababu mimi nimesema.

Niligeuka. Kitinda alikuwa hatutazami sisi. Alikuwa anatazama getini, juu ya kichwa cha mlinzi, kwenye skrini ile kubwa ya nje. Watu wanakohoa, wageni wamekaa chini kwenye vumbi na makoti yao meupe, mtu anaingizwa kwenye gari la wagonjwa. Na juu yao wote mwanamke yule ananyanyua glasi yake ya maziwa. KARIBUNI. HAPA MKO NYUMBANI.

Alilisoma lote. Nilimwona analisoma, neno baada ya neno, jinsi anavyosomaga. Akatazama kona ya chini, mahali pa kifaranga. Kisha akanigeukia.

"Nyekundu iko wapi?"

Mama Rangi alikuwa bado ameshika kiwiko changu. Nikakitoa mkononi mwake, maana kwa kuongea na Kitinda mtu anahitaji mikono yote miwili.

"Haikutokea," nikasema.

"Kwa nini?"

Ilikuwapo ishara ya mtandao. Tuliitunga pamoja, vidole vinavyofumana kama wavu, ni rahisi. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukutana.

Nikavitenganisha. "Ilifungwa," nikamwambia. "Bosi alitaka ifungwe. Hakujua jinsi. Mimi nikamwonyesha."

Alisubiri. Alidhani kuna lililobaki.

"Nilijua uko ndani," nikasema. "Nilijua, na nikamwonyesha."

Mikono yake ilinyanyuka kidogo, ikashuka. Akamtazama Fundi Barafu, ambaye miguu yake tu ndiyo ilionekana sasa, inaingizwa garini. Akanitazama mimi tena, usoni, kwa muda. Sikuona hasira. Ningeijua hasira yake, nimelala nayo kitanda kimoja miaka mingi.

Kisha akafumba macho.

Nilianza kusema mengine. Mikono ilikwenda yenyewe, nisamehe, nilikimbia, nilijaribu kila rangi, nilimng'ata mzee wa watu, nilikutumia ujumbe, uko kwenye koti lako kabatini, kaangalie. Nilisema yote mbele ya kope zile mbili zilizofungwa, uwanja mzima unanitazama, hakuna aliyeelewa hata neno. Mama Rangi akaniuliza ninamwambia nini.

Nilishusha mikono. Nilisimama mbele ya mdogo wangu, karibu vya kutosha kumgusa kope kwa kidole, sikumgusa, nikamngoja afumbue.